"Nikijenga Nitapanda": Uongo Tunaoambiana Sisi Wapangaji

Kuna neno moja nimelichoka. Nalisikia ofisini, nalisikia kwenye daladala, kwenye vikao vya harusi, hata msibani watu wakishakula: "Nikijenga." Nikijenga nitafuga kuku. Nikijenga nitanunua kabati la vitabu. Nikijenga nitapanda miti ya matunda. Vijana wenye shahada mbili na maoni makali juu ya katiba mpya wameyaweka maisha yao rehani mpaka siku fundi atakapomwaga jamvi kule Chanika au Kibada, na kiwanja chenyewe, kama tunavyojua wote, bado kina kesi.

Leo nagombana na neno hilo. Shahidi wangu ni mti mmoja tu, mkomamanga. Nimeuchagua kwa sababu ninayo mitatu, yote inaishi kwenye ndoo, na tumehama nayo nyumba mbili ndani ya miaka mitano hapa hapa Dar es Salaam. Sina kiwanja. Sina hata mpango wa kiwanja, mshahara wa mwandishi wa habari mnaujua. Lakini makomamanga nakula.

Najua wengine mmeshaguna. Komamanga si lile tunda la Waarabu, la supamaketi, linalouzwa moja moja kama simu? Hapo ndipo kasheshe yetu inapoanzia. Jina lenyewe linasema. Manga ndivyo wazee wa pwani walivyoiita Arabuni, hasa upande wa Oman. Ni Manga ile ile ya pilipili manga, na Mmanga ni mtu aliyetoka huko. Mpaka leo kwenye milima ya Jabal Akhdar kule Oman makomamanga yanalimwa kwenye matuta ya mawe, mita kama 2,000 juu ya bahari. Asili ya mti ni mbali zaidi, kuanzia Iran mpaka kaskazini mwa India, lakini umekaa na sisi muda wa kutosha kupata jina la Kiswahili ambalo hakuna anayelishangaa. Umo kwenye Kurani. Umo kwenye Biblia: pindo la vazi la kuhani mkuu katika kitabu cha Kutoka lilipambwa kwa makomamanga. Bibi zetu walichemsha maganda yake mtoto akiharisha. Leo mjukuu wao mwenye digrii ya mazingira analinunua likiwa na kibandiko cha Misri au Afrika Kusini, analipiga picha kwanza, ndipo anakula.

(Wale wanaouza juisi yake mitandaoni eti inatibu kansa na kurudisha nguvu za kiume, hao nitawarudia siku nyingine. Ila anayekushauri uchemshe magome ya mizizi mkimbie leo leo. Magome hayo yalikuwa dawa ya kuua tegu, na kipimo kikizidi anayeumia si tegu peke yake.)

Basi twende kwenye hoja. Wana-nikijenga wanasema mti ni wa ardhini, kwenye ndoo ni mchezo wa watoto na wazungu wastaafu. Hebu tuwapeleke Ufaransa kidogo. Mfalme Louis wa 14 hakuwa mpangaji. Alikuwa na ardhi kuliko ukoo mzima wa yeyote anayesoma hapa. Lakini pale kwenye kasri lake la Versailles, kwenye jengo la Orangerie lililojengwa miaka ya 1680, michungwa na mikomamanga ilikaa kwenye masanduku ya mbao, ikitolewa nje wakati wa joto na kuingizwa ndani wakati wa baridi. Mpaka leo ipo miti pale kwenye masanduku, mingine ina umri wa zaidi ya miaka 200. Wajapani nao wanaulea mkomamanga kwenye vyungu vidogo kama sahani ya wali, unazeeka humo humo na kutoa maua. Kwa hiyo mti kuishi kwenye chombo si umaskini wa mpangaji. Ni ufundi wa zamani, na mkomamanga ni mmoja wa miti inayoukubali vizuri zaidi.

Unaukubali kwa nini? Kwanza kwa asili ni kichaka. Ardhini unaweza kupita mita tano, lakini ukibanwa mizizi unatulia usawa wa kifua na bado unazaa. Pili ni mti wa nchi kavu, ukisahaulika siku tatu haufi. Tatu, na hili watu wa Dar nisikilizeni, unavumilia chumvi kuliko miti mingi ya matunda. Mnayajua maji ya visima vyetu, yale ambayo chai yake haihitaji kuonjwa mara mbili. Mkomamanga unayanywa. Kwenye ndoo chumvi hujilimbikiza, kwa hiyo mvua za masika zikianza usiufiche. Uache nje udongo usuuzwe mpaka maji yatoke chini kwa wingi.

Sasa nigombane na kundi la pili, wauza miche wa barabarani na ndugu zao wa Instagram. Nawaheshimu, wanafanya kazi juani. Lakini mambo wanayowaambia wateja yanaua mimea kuliko kiangazi.

Wanakwambia weka kokoto chini ya chungu maji yatoke vizuri. Si kweli. Maji hayashuki kwa furaha kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto, yanasimama pale pale juu yake, na wewe umejipunguzia udongo bure. Kinachotoa maji ni matundu. Chukua ndoo ya rangi ya lita 20, pasha msumari mnene moto, toboa matundu kumi chini na mengine machache ubavuni karibu na kitako. Jaza udongo wa kawaida, mchanga wa mto na samadi iliyooza sawasawa. Samadi ile inayonuka bado ni kinyesi, itaunguza mizizi.

Wanakwambia ni mmea wa ndani. Nimeona picha za mikomamanga pembeni ya televisheni, imewekewa na taa ya bluu. Jamani! Huu ni mti wa jangwani, unataka jua la moja kwa moja saa sita au zaidi kwa siku. Sebuleni utakupa majani mawili ya kukuaga.

Na hapo kuna jambo ambalo karibu ushauri wote wa intaneti unatupotosha, kwa sababu umeandikwa California au Uingereza: "weka upande wa kusini." Sisi tuko kusini ya ikweta. Hapa Dar, kuanzia Machi mpaka mapema Oktoba jua la mchana linakuwa upande wa kaskazini. Mwenye roshani inayotazama kaskazini ana bahati na hajui. Mwenye roshani ya kusini atapata jua la maana kuanzia katikati ya Oktoba mpaka Februari, miezi mingine ahamishie ndoo kwenye ngazi au juu ya paa la zege, kama jirani hawana maneno. Vivyo hivyo na ule ushauri wa "pogoa wakati wa baridi mti ukiwa umelala". Mti wetu haulali namna hiyo, wakati mwingine hupukutisha majani kidogo tu. Pogoa ukishavuna, Juni au Julai hali ikiwa ya ubaridi na ukavu. Toa machipukizi yanayotoka shinani, acha mashina matatu au manne, basi.

Wanakuuzia pia mkomamanga ule mdogo wa mapambo, majani membamba, umeshachanua kwenye kiriba ukiwa na urefu wa mkono. Mzuri sana. Matunda yake ni kama ndimu na uchachu wake ni huo huo. Hakuna ubaya kuununua kama unataka maua, ubaya ni kuuziwa kwa jina la tunda.

Mimi nasema usinunue mche kabisa kama unamjua mtu mwenye mkomamanga mtamu. Omba kijiti. Unene wa penseli, urefu wa sentimita 20 hadi 25, kutoka tawi la mwaka jana lililokomaa, si lile la kijani. Kizike theluthi mbili, kiweke kivulini, udongo usikauke. Kitatoa majani mapema na utataka kukihamisha. Usikihamishe, majani hutangulia mizizi, kipe miezi miwili. Kijiti kinakupa tunda lile lile la mama yake, na mara nyingi mwaka wa pili au wa tatu kimeanza kuzaa. Mbegu inaota haraka kweli, lakini unasubiri zaidi na hujui utapata nini. Ni kama kura zetu.

Maua yakija ndipo simu zinapoanza kulia. "Maua yangu yanaanguka!" Yaache yaanguke. Mkomamanga unatoa maua ya aina mbili: yale yenye umbo la kengele, kitako chembamba, hayo kazi yake ni chavua na lazima yaanguke, na yale yenye kitako kinene kama mtungi, hayo ndiyo matunda. Mti mmoja unajitosheleza, hauhitaji mwenzake. Kama uko ghorofa ya nne na nyuki hawafiki, chukua pamba ya masikio, gusa kengele, gusa mtungi, asubuhi kabla ya kwenda kazini. Dakika mbili. Lakini kama yanaanguka yote, mitungi na kengele, angalia mbolea yako. Ukiulisha urea utapata majani ya kupendeza na hakuna kitu kingine.

Wakulima wa Maharashtra, India, wana mbinu yao: wanaunyima mti maji kwa makusudi mpaka upukutishe majani, halafu wanarudisha maji na mbolea, mti unalipuka maua kwa pamoja. Kwenye ndoo usiwaige moja kwa moja, udongo ni mchache. Punguza tu maji wiki tatu mwezi wa nane, majani yanywee kidogo, kisha rudisha taratibu.

Tunda likishashika, kanuni ni moja: maji ya mpangilio. Usimwagilie kama mshahara, mwezi mzima ukame halafu tarehe 28 mafuriko. Ganda likikauka kisha punje zikanywa ghafla, komamanga linapasuka mtini, na kesho yake sisimizi wamefanya mkutano mkuu. Chomeka kidole, udongo wa juu ukiwa mkavu mpaka kiungo cha pili, mwagilia mpaka maji yatoke chini, ondoka. Liveshe tunda mfuko wa kitambaa cha chandarua kikuukuu, maana kuna kipepeo ambaye kiwavi wake anatoboa ganda na kula ndani kwa siri, ukija kugundua umekata komamanga lenye vumbi jeusi. Halafu subiri. Miezi mitano mpaka saba tangu ua. Usilichume bichi ukitegemea litaivia kabatini, komamanga haliendelei kuiva likishachumwa. Ligonge kwa kidole: likilia kavu kama debe, tayari.

Sitawadanganya juu ya Dar. Unyevu wetu si rafiki wa mti huu, fangasi wanapenda masika kuliko sisi tunavyopenda Ijumaa, na tunda la hapa halipati wekundu wa lile la nchi kavu. Aliyeko Dodoma ana hali ya hewa nzuri zaidi na hana kisingizio hata kimoja. Mti wangu mkubwa mwaka jana ulinipa makomamanga saba. Saba! Huo si mradi, na anayekuambia utajiri umejificha kwenye ndoo za mikomamanga anatafuta ada ya semina. Ni matunda saba ambayo nisingeyapata kama ningekuwa bado nasubiri jamvi.

Sasa nimfikie mwenye nyumba, maana "nikijenga" haikuanguka kutoka mbinguni. Ina mzazi wake.

Mkataba niliopewa mwaka huu una kifungu kinachosema mpangaji haruhusiwi kupanda kitu chochote kwenye eneo la nyumba. Kitu chochote. Uani kote ni pevingi mpaka ukutani, isipokuwa miashoki sita iliyopangwa getini kama askari wa gwaride, ambayo haizai hata kivuli cha maana. Nikamfuata mzee. Nikamwamkia, akaitikia, akaniketisha, akaniambia kwa upole kabisa: "Mwanangu, mpangaji akipanda mti, kesho atasema na nyumba ni yake."

Msicheke. Mzee hajakosea historia. Pwani hii na visiwani, mti na ardhi vimekuwa vitu viwili tangu zamani. Mtu aliweza kumiliki minazi juu ya ardhi ya mwenzake, na minazi ikawa ushahidi mbele ya wazee. Ndiyo maana aliyeazimwa shamba aliambiwa panda mihogo, panda mahindi, usipande mwembe. Hata Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inahesabu miti kuwa miongoni mwa maendelezo ya ardhi, na kila aliyewahi kupisha barabara anajua jinsi mthamini anavyohesabu miembe na minazi ya mtu mmoja mmoja. Mti kwetu ni sahihi. Hofu ya mzee ina mizizi.

Lakini mizizi ya mkomamanga wangu iko kwenye ndoo ya rangi! Haijagusa ardhi ya mtu. Sheria yenyewe inazungumzia kitu kilichoshikamana na ardhi moja kwa moja, na ndoo yangu imeshikamana na pevingi sawa na kiti changu cha plastiki kilivyoshikamana. Ikijaa udongo mbichi haifiki kilo 35, watu wawili wanaibeba, kirikuu kimoja kinachukua miti yote mitatu na kitanda juu. Mti wa ndoo ndio mti pekee ambao hauwezi kumnyang'anya mtu nyumba. Kuukataza kwa hoja ya umiliki ni sawa na kukataza jiko la gesi kwa sababu mpangaji atadai jiko la nyumba.

Mzee akahamia kwenye mbu. Hapo nikamwongezea nguvu, maana ana haki. Mji huu ulipigwa na homa ya dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na mbu wake anauma mchana na kutaga kwenye maji yaliyotulia ya vyombo vya nyumbani. Ile sahani inayowekwa chini ya chungu ili sakafu isichafuke ni wodi yake ya uzazi. Kwa hiyo sahani sina, ndoo zangu zimekaa juu ya matofali mawili, maji yanatoka na kukauka. Kisha nikamwonyesha tangi lake la akiba uani lisilo na mfuniko. Tukanyamaza wote wawili kidogo.

Akaja kwenye bili ya maji. Sawa, tuongee bili. Miti mitatu inakunywa ndoo tatu kwa wiki, nne joto likizidi, na nyingi ni maji niliyokwisha kuoshea mchele na mboga. Wakati wa mgao ule wa mwishoni mwa 2022, Ruvu ilipopungua, ilikunywa hayo hayo na ikaishi. Gari moja linalooshwa Jumapili na mpira wa maji linamaliza zaidi ya hapo, na kwenye mkataba hakuna kifungu cha magari.

Ninachokiona ni kwamba sisi wenyewe ndio tumewazoesha. Tunasaini miezi sita mbele, tunamlipa dalali mwezi wake, hatusomi kifungu hata kimoja, halafu tunapiga picha mbele ya bustani ya hoteli. Nina wenzangu ofisini wamepanga miaka kumi na mbili. Miaka kumi na mbili! Kijiti cha komamanga kilichochomekwa siku waliyohamia kingekuwa kimeshazaa mara tisa. Wao wana albamu ya ramani za nyumba kwenye simu.

Nimemwandikia mzee kifungu mbadala, mistari mitatu, kwa mkono: mpangaji anaweza kuweka mimea kwenye vyombo visivyozidi vitano, vyombo visiwe na sahani za kutuamisha maji, na maji atalipia mwenyewe shilingi watakazokubaliana, mkataba ukiisha ataondoka navyo vyote bila kudai fidia. Amekichukua, amekikunja, amekitia mfukoni mwa kanzu, amesema atamshirikisha mwanawe wa kwanza. Kodi yangu inaisha mwezi wa nane. Kwenye tawi la upande wa jua kuna mitungi minne imeshika, na kwa hesabu zangu itaiva mwezi wa kumi, humu ndani au popote kirikuu kitakapotushusha.